Unaenda kwenye loʻi kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujakanyaga tope

Kila muhula ukianza hapa Honolulu maswali ni yale yale. Kwanza yalikuwa ya wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki waliokuja kusoma chuo, siku hizi na wazazi wenye watoto shule za msingi nao wanauliza: mwalimu kasema Jumamosi tunaenda kwenye loʻi, sasa loʻi ndo nini, nivae nini, na mbona tumekuja kusoma alafu tunalimishwa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika nane, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Mimi sio msemaji wa Wahawaii, wenyewe wapo na wanajisemea vizuri tu. Mimi ni mtu wa Morogoro niliyeshinda Jumamosi nyingi kwenye tope la watu na nimekosea karibu kila kitu kinachokosewa.

Loʻi ni jaruba. Kama umepita Mbarali au Mwea ukaona majaruba ya mpunga basi umeshaiona, ila humu ndani hamna mpunga, kuna kalo, na kalo ni gimbi, lile lile la kwetu, Zanzibar wanaita jimbi na Wakenya nduma. Ndo maana wengi wetu tunafika pale na kiburi kidogo, ah magimbi, bibi yangu alikuwa nayo kando ya kijito. Kiburi hicho kiache nyumbani.

Maana kuna kitu kimoja lazima ukijue kabla hujaenda, nadharia yenyewe ni hii tu. Wahawaii wanasimulia kwamba mtoto wa kwanza wa Wākea, baba wa mbingu, alizaliwa mfu, akazikwa, na pale alipozikwa ukaota mmea wa kalo. Mtoto wa pili akazaliwa mzima, akaitwa Hāloa kwa jina la marehemu kaka yake, na watu wote wametokana na yeye. Kwa hiyo gimbi sio zao la biashara tu, ni kaka mkubwa. Mdogo anamtunza kaka, kaka anamlisha mdogo. Ukiwaona watu wazima wanaongea na mmea au wanakemea mtoto aliyerusha jani, wala hawaigizi.

Maneno utakayoyasikia siku nzima: ʻāina ni ardhi, na ndani yake kuna ʻai, kula, yaani ardhi ni kile kinacholisha. Mālama ni kutunza. Laulima ni mikono mingi kwenye kazi moja, msaragambo kabisa. Kuleana ndo ngumu, ni haki na wajibu kwenye neno moja, sisi tuna maneno mawili na labda ndo maana huwa tunadai la kwanza tukasahau la pili. Ile alama kama koma ya juu ni kukata sauti kidogo kooni, lo-i, sio "loi".

VITU VYA KUANDAA

- Nguo kuukuu, za mikono mirefu ukiweza. Usivae nyeupe.
- Viatu vya majini vinavyobana mguu, au uingie peku kama wenyeji wengi. Ndala hapana. Gambuti hapana, nitaeleza.
- Kofia na maji ya kunywa, lita mbili kwa mtu. Losheni ya jua ukipaka angalia maandishi, Hawaii tangu 2021 imekataza kuuza zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu ya matumbawe, na unachopaka mwilini kinaishia kwenye maji ya watu. Mikono mirefu ni bora kuliko losheni yoyote.
- Nguo za kubadilisha, taulo, mfuko wa plastiki wa nguo chafu.
- Chakula kidogo cha kuchangia. Sio lazima, ila mtu mzima haendi kwa watu mikono mitupu, hilo huhitaji kufundishwa na mimi.
- Viatu vilivyopigwa brashi. Mbegu za magugu zinasafiri kwenye soli, na kama wiki iliyopita ulikuwa msituni Kisiwa Kikubwa (kile kinachoitwa Hawaii chenyewe) basi zisugue alafu puliza spiriti ya asilimia 70, kule kuna ukungu unaoua miti ya ʻōhiʻa na udongo wa viatu unaubeba.

HATUA

1. Jua unaenda kwa nani. Loʻi nyingi ni za familia, huwezi kukatiza tu kwa sababu umeona kijani kizuri. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hawaii, pale Mānoa, ya karibu kabisa ni Kānewai, ipo Dole Street, kando ya kijito. Pale palikuwa vichaka mpaka mwaka 1980 wanafunzi walipoufukua mfereji wa zamani, na mzee mmoja wa Keʻanae, kisiwani Maui, akawafundisha kulima. Yaani tope lile lilifufuliwa na wanafunzi kama wewe. Jiandikishe mapema, na ukisema utaenda nenda, kwa sababu kazi inagawiwa kwa idadi.

2. Asubuhi kagua ngozi yako. Hii hatua watu wanaichukulia poa na ndo ya hatari kuliko zote. Una kidonda, mchubuko, kucha iliyong'oka? Usiingie majini, mwambie kiongozi, utapewa kazi ya nchi kavu na hakuna atakayekucheka. Maji ya Hawaii yasiyo ya chumvi yanaweza kuwa na leptospira, vijidudu vya kwenye mkojo wa panya na nguruwe pori, ugonjwa wenyewe sisi tunauita homa ya Mgunda, ule uliosumbua Lindi mwaka 2022. Na maji ya mferejini usiyanywe hata yakiwa maangavu namna gani.

3. Piga hodi. Mkifika msiingie. Mnasimama nje, kundi linatoa oli, wimbo wa kuomba ruhusa bila ngoma, na mwenyeji akiridhika anajibu kwa oli yake. Ni hodi na karibu, haina tofauti, ila hodi yenyewe ni ndefu na inataka pumzi. Mwalimu wenu atawafundisha maneno wiki moja kabla, yajifunze kweli. Kosa la kwanza la wageni ni kurekodi video wakati wa oli, simu juu, kama vile wamekuja kuangalia taarabu. Sheria ya mwaka 1896 iliifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia mashuleni, watoto wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao, na Kihawaii kimekuja kuwa lugha rasmi tena kwenye katiba ya 1978. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa akisimama pale akaitoa oli kwa sauti, wazee wengine machozi yanawalenga, na wewe umeshika simu.

4. Jitambulishe. Mnasimama duara, kila mtu anasema jina, ametoka wapi, mara nyingine na mlima wake na maji yake. Mara ya kwanza nilisema "Tanzania" nikanyamaza, anti mmoja akaniuliza, sawa, lakini maji yako ni yapi? Nikabaki nimeduwaa. Siku hizi nasema mlima wangu Uluguru, mto wangu Ngerengere. Jiandae na jibu lako, Mwanza una ziwa, Moshi huna shida kabisa, wa Dar sema Msimbazi usione haya.

Wakubwa waite Anti na Anko, mwalimu ni Kumu, mzee ni Kupuna. Jina tupu kwa mtu mzima halifai, kama kwetu tu.

5. Funga mdomo kwanza. Kuna msemo wao: nānā ka maka, hoʻolohe ka pepeiao, paʻa ka waha. Jicho litazame, sikio lisikilize, mdomo ufungwe. Sisi tuliozoea kunyoosha mkono darasani ili tuonekane tuko makini hapa tunaonekana wasumbufu. Tazama mikono ya anayekuonyesha, fanya, alafu kama bado hujaelewa ndo uulize. Nusu ya maswali yako yatakuwa yamejijibu.

6. Ingia kwa mguu wa kuburuza. Pita pale ulipoonyeshwa tu, kingo za jaruba zinaitwa kuāuna na zikibomoka ni kazi ya watu siku nzima. Ukishaingia tembea katikati ya mistari, usikanyage karibu na shina, mizizi ya kalo inatambaa juu juu na kila hatua yako ya hovyo unamkanyaga kaka wa watu vidole. Tope linafika gotini, mahali pengine pajani. Ndo maana nikasema gambuti hapana, linajaa tope, linanasa, wewe unatoka lenyewe linabaki.

Hapa ndo nielezee maji, nikiwahi kosa langu mwenyewe. Maji yanachepushwa kijitoni kwa mfereji unaoitwa ʻauwai, yanapita jaruba hadi jaruba, yakishamaliza yanarudi kijitoni kwa sababu kuna wengine chini na baharini kuna samaki. Siku yangu ya pili nilipalilia kwa sifa, magugu nikayarundika mahali nilipoona pako wazi, kumbe ndo mdomo wa kuingilia maji. Baada ya nusu saa maji yakaanza kumwagika juu ya ukingo upande wa pili. Anko mmoja akaja, hakugomba hata kidogo (heri angegomba), akainama akalitoa lile rundo kwa mkono, alafu akanishika kiganja akakiweka pale maji yanapoingia. Baridi. Akanipeleka hadi yanapotokea, akanizamisha tena kiganja. Vuguvugu. Akasema neno moja tu, "ʻāwīwī", haraka, akimaanisha maji yatembee, akaenda zake. Maji yakisimama yanapata joto, yakipata joto gimbi linaoza chini kwa chini na wewe juu unaona majani mazuri.

Sijawahi kusahau ile tofauti ya kiganja. Na ukishaijua utaelewa kwa nini watu hapa wanagombania maji miaka na miaka: wai ni maji, waiwai ni utajiri, na mfereji wa Waiāhole uliokamilika mwaka 1916 uliyavusha maji ya upande wa mvua kwenda kwenye miwa ya upande mkavu, loʻi za upande wa mvua zikakauka.

7. Palilia. Kazi ya mgeni ni hii, usitegemee kupewa ya heshima siku ya kwanza. Zamisha mkono mpaka kwenye mzizi, ng'oa chote, tikisa tope libaki jarubani (tope ndo mali), majani yaende ukingoni walikokuonyesha, sio mdomo wa maji kama mimi. Makosa matatu: kukata juu juu ili uonekane una spidi, kung'oa ʻohā, yaani machipukizi ya pembeni ya kalo, ukidhani ni magugu, na kushika konokono kwa mkono mtupu. ʻOhā inafanana na mama yake, jani la mfano wa moyo na bua limeingia katikati ya jani, pale bua linapoungana wanapaita piko, kitovu. Na kutoka kwenye ʻohā ndo wanasema likapatikana neno ʻohana, familia, kwa hiyo ukiing'oa hovyo utakuwa umeng'oa ukoo.

Konokono wa jarubani ni wageni pia, wameingizwa miaka ya themanini mwishoni, mayai yao ni ya pinki kama bigijii iliyobandikwa kwenye mabua. Ukiona sema, utapewa glavu na ndoo. Konokono wa huku wanaweza kubeba mnyoo anayetoka kwa panya na kwa binadamu anapanda hadi kwenye ubongo, kwa hiyo kama umewagusa nawa kwa sabuni kabla hujashika chochote cha kula.

8. Panda huli. Huli ni kipande cha kupandia: kichwa cha gimbi kimekatwa chembamba, kama sentimita moja, na bua lake la sentimita 20 hadi 30, majani yametolewa. Shika bua wima, zamisha mpaka kiganja kipotee topeni, bana udongo kwa vidole pande zote, kisha livute kidogo. Likija juu hujabana. Likikaa, songa mbele, nafasi watakupimia kwa kamba au kijiti. Kosa kubwa ni kupanda kina kifupi kwa kuogopa tope, keshokutwa huli zote zinaelea kama boti za karatasi. Itakaa ardhini miezi tisa mpaka mwaka na zaidi, wewe labda utakuwa umeshahitimu, atakula mwingine. Wewe leo utakula aliyopanda mwingine.

9. Vuna, ukiruhusiwa tu. Zungusha mkono kukata mizizi, inua taratibu, usivute bua kama unavuta mhogo, litabaki mkononi. Safisha hapo hapo, kata huli, huli inarudi shambani. Hapa ndo wengi wa kwetu wanashangaa: gimbi linakwenda kuliwa, lakini kichwa chake kinapandwa tena, kwa hiyo mmea ni ule ule kizazi hadi kizazi.

10. Osha, rudisha, kula. Majembe, mundu na ndoo vinaoshwa kabla yako. Kalo iliyopikwa inapondwa ubaoni kwa jiwe, ikilainishwa kwa maji ni poi, unene wake unahesabiwa kwa vidole, ya kidole kimoja ni nzito, ya vitatu ni uji. Ukiionja usikunje sura, ina uchachu kidogo ikikaa, mimi naipenda ya siku mbili na samaki. Na bakuli la poi likifunguliwa hakuna ugomvi wala umbea mezani, kaka mkubwa yupo. Nimeona watu wawili walionuniana tangu asubuhi wamekaa wima wanapeana chumvi.

KAMA MNAPELEKWA BWAWANI BADALA YA LOʻI

Shule nyingine zinakwenda Heʻeia, kwenye bwawa la samaki la kale, eka 88, ukuta wa mawe kama kilomita mbili umezunguka na umri wake unakadiriwa miaka 800. Milango yake inaruhusu vidagaa kuingia, wakinenepa hawatoki tena, humo ndo wanafugwa mkizi. Mafuriko ya 1965 yaliubomoa ukuta, na watu wakaja kuujenga upya kwa mikono, mawe yanapita mkono hadi mkono kwenye mstari mrefu. Shika jiwe kwa magoti sio mgongo, na usirushe, mkabidhi mwenzio mkiwa mnatazamana.

Nyie wa Pwani kuna jambo litawatatiza, bora nilitaje mapema: mtapewa msumeno mkate mikoko. Rafiki yangu wa Kilwa alisimama na msumeno mkononi anautazama mti tu, amelelewa akiambiwa mkoko ni ukuta wa kijiji. Kwetu ni kweli. Hapa mkoko haukuwepo kabisa, uliletwa kisiwa cha Molokaʻi mwaka 1902 kuzuia tope la mashamba ya miwa, ukatapakaa, mizizi yake inapasua kuta za mabwawa. Kutunza ardhi sio orodha ya miti mizuri na mibaya unayotembea nayo mfukoni, unauliza hapa ni kwa nani na nini kilikuwepo. Alikata mwishoni, ila alisema "samahani" kwanza.

UKIPATA SHIDA

Umenasa topeni. Usivute mguu juu kwa nguvu. Konda mbele, zungusha kisigino tope liingize maji, ndo uvute. Ukishindwa ita mtu, kila mtu ameshanasa.

Mikono inawasha. Ni utomvu wa kalo mbichi. Sabuni na maji mengi, usiguse macho. Ukijijua ngozi nyepesi vaa glavu.

Koo linawasha baada ya kula. Haijaiva. Kalo inachemshwa au kupikwa kwa mvuke saa nzima na zaidi, hata majani yake, sio dakika kumi kama mchicha. Usionje jarubani.

Umepasua jani au umevunja huli. Sema. Usiifukie topeni, wanajua, nilijaribu.

Mvua imeanza. Mvua ya Mānoa ina jina lake, Tuahine, na kwa kawaida kazi inaendelea. Ila kijito kikibadilika rangi kuwa kahawia au maji yakipanda ghafla, toka hapo hapo, acha ndoo.

Homa, kichwa na misuli kuuma siku yoyote ndani ya mwezi mmoja baadaye. Nenda hospitali na utamke wazi kwamba uliingia kwenye loʻi, maana daktari asipojua atakupa dawa ya mafua.

Mtoto anaogopa tope. Mpe ndoo ya kubeba magugu ukingoni, usimsukume. Wa kwangu alikaa ukingoni mara mbili, ya tatu aliruka mwenyewe na kutoka ikawa kesi.

Sio Mhawaii, unajiona umevamia. Umepiga hodi, umekaribishwa, wewe ni mgeni mwenye jembe. Kilichobaki ni kurudi mwezi ujao, kwa sababu anayekuja mara moja na kupiga picha wamemuona wengi.

Nguo haitakati. Haitatakata. Tenga tisheti moja iwe ya loʻi maisha, ya kwangu ilikuwa nyeupe.